Mwaka Ambao Ianthe Hakuanzisha Wimbo

Siku hizi Jumatatu ya Kushukuru ikifika, watu wa Coral Bay, huku kisiwani St. John, wanalala mpaka jua liwakute kitandani. Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, basi wanabeba vinywaji vyao wanateremka ufukweni, na ukiwauliza wanashukuru nini watakutazama kana kwamba umewaomba nauli. Haya, kila kizazi na mambo yake. Lakini sisi tuliomjua Ianthe Marsh, Oktoba ikiingia, masikio yetu bado yanamsubiri.

Ianthe ndiye aliyekuwa akituanzishia wimbo. Kinanda cha kanisa letu la Wamoravia kililiwa na mchwa zamani, na hakuna aliyejisumbua kuleta kingine, kwa sababu yeye alitosha. Kila mwaka, mwezi wa saba, Jumatatu ya Kuomba, tulipiga magoti tukamwomba Mungu vimbunga vitupite. Mwezi wa kumi, kama mapaa yetu bado yalikuwa juu ya kuta, tulirudi kusema asante. Kati ya Jumatatu hizo mbili mtu hakupanga harusi wala hakucheka sana. Na siku ya kushukuru ibada haikuanza mpaka Ianthe asimame, asafishe koo, aanzishe wimbo aliouchagua mwenyewe palepale. Mchungaji mwenyewe hakuambiwa ni upi. Sauti yake haikuwa ile ya kubembelezea mtoto. Ilikuwa sauti ya kuita mbuzi walio mbali, na kweli ndivyo alivyoipata.

Kwao ni Anegada. Halvor Marsh, mchoma mkaa wetu, alikwenda huko kuuza mkaa kwa mashua ya Nahodha Rufus, akarudi hana mkaa, hana fedha ya maana, ila ana mchumba. Mama yake Halvor, Adina, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa ukifika mahali kabla ya miguu yake, alisikia habari hiyo akakaa chini.

"Anegada?" alisema. "Kile kisiwa bapa? Mwanangu, yule binti hajawahi kupanda hata ngazi. Milima hii ataipandaje?"

Aliipanda. Miezi ya mwanzo alirudi nyumbani na kikapu kichwani na miguu imevimba, akaichovya katika maji ya chumvi, kesho yake akapanda tena. Wanawake wenzake kisimani wakamwita "wa chini ya maji," maana huko kwao bahari na nchi viko karibu sawa kwa kimo. Naye akawajibu kwamba wa chini ya maji wanajua kuogelea, wa milimani wanajua kuanguka. Wakacheka, na tangu siku hiyo wakampa nafasi ya kukaa kwenye mawe yao.

Huko Anegada alimwacha baba yake, Obediah Vanterpool, mwashi wa kuta za mawe. Mama yake alifariki Ianthe akiwa mdogo asiyeweza kujisuka nywele, na Obediah akajifunza kumsuka, vibaya, kwa mikono iliyojaa chokaa. Alimlea peke yake na hakuoa tena. Siku ya kumwozesha hakulia. Alimwambia Halvor kwamba binti huyu hapendi ugali usio na bamia, kisha akaenda zake kujenga ukuta wa mtu. Kuja St. John alikataa katakata. Alisema milima inamkaba kifua. Basi baba na binti wakawa wanatumiana vitu kwa mashua ya Rufus: kutoka kule chumvi na nyama ya kome iliyokaushwa, kutoka huku mkaa na maparachichi. Hawakuandikiana, kwa sababu Obediah hakujua kusoma na Ianthe hakupenda mambo ya baba yake yasomwe na mtu mwingine.

Sasa ipo sheria moja ambayo wazee wetu waliishika kuliko hata ile ya kutofanya kazi Jumapili. Katika kuomba juu ya kimbunga, omba rehema tu. Usimwelekeze Mungu njia. Usiseme kiende kule, usiseme kigeuke hivi, kwa sababu kila upande wa bahari hii kuna mtu amelala na watoto wake. Mtoto aliyeropoka ombi la namna hiyo alichapwa, akaulizwa: na wa huko je, walizaliwa na mbuzi?

Halvor alichapwa kwa kosa hilo akiwa na umri wa miaka sita au saba. Alikuwa anaijua sheria. Baadaye alikuwa mzee wa kanisa, na aliwafundisha wengine.

Ukaja mwaka wa maparachichi. Miti ilizaa mpaka matawi yakachanika, nguruwe wakashiba wakayakataa, na kila mwenye akili akatikisa kichwa, maana parachichi likizaa hivyo kimbunga hakiko mbali. Agosti ikapita. Septemba ikapita. Watu wakaanza kupumua. Ianthe alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wake wa kwanza, anatembea ameshika kiuno, na Adina, ambaye sasa alikuwa akimpenda na kumsema kwa kipimo kilekile, alimkataza hata kufagia.

Oktoba ilipoanza tu, asubuhi moja ndege wa baharini walionekana wakipita juu kuelekea bara la mbali, na redio ya dukani ikasema kimbunga kinakuja, kidogo kwa upana lakini kikali, na kinatujia sisi uso kwa uso. Tukapigilia mbao kwenye madirisha. Tukafungua punda waende wanakojua. Kisha watu wote wa upande wetu wakaingia kanisani, kwa sababu kuta za kanisa ni za mawe, nene, na zimeona mengi.

Adhuhuri ilikuwa, lakini mle ndani tuliwasha taa. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini, na kila ulipovuta pumzi paa lilinyanyuka kidogo likarudi chini. Vigae vya mbao vikaanza kung'oka kimojakimoja. Mchungaji alikuwa anaomba vizuri, kwa utaratibu, rehema, Bwana, rehema, na watu wanaitikia. Ndipo Ianthe akashika tumbo akaguna. Si uchungu wa kuzaa; ilikuwa hofu tu imemkaza. Lakini Halvor aliona. Mwanamume yule mpole, ambaye hata punda alimwomba radhi kabla ya kumpakia mzigo, akapanda juu ya benchi na viatu vyake vya matope, akapiga ukelele kuushinda upepo.

"Baba! Kipitishe kaskazini! Kipitishe kaskazini, kisije hapa!"

Na kanisa zima likaitikia Amina. Maji yalikuwa yamezidi unga, hakuna aliyekumbuka sheria. Mchungaji aliitikia. Adina aliitikia. Ianthe naye, Mungu amrehemu, aliitikia Amina kwa ile sauti yake ya mbuzi, ikasikika juu ya zote.

Kikageuka. Jamani, kiligeuka. Haikupita muda mrefu upepo ukahamia magharibi, ukawa wa kawaida, na jioni mvua ilikuwa ya kumwagilia bustani tu. Watu walitoka nje wakakuta nyumba zao zimesimama, wakakumbatiana kwenye matope. Walimbeba Halvor juujuu. Mtu mmoja akasema tumepata nabii mchoma mkaa, na Halvor akacheka na machozi yanamtoka.

Ianthe alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kanisa anatazama kaskazini. Akauliza, taratibu, hakumuuliza mtu maalumu, "Kimekwenda wapi?"

Kesho yake redio ikajibu. Kimbunga kimepita juu ya Anegada. Baada ya hapo kutoka Anegada hakuna habari yoyote.

Mnajua kisiwa chenyewe. Hakuna kilima cha kukimbilia. Bahari ikiamua kuvuka, inavuka.

Siku zilizofuata nyumba ya Halvor ilikuwa ya kununiana. Ianthe hakugombana. Angegombana ingekuwa nafuu. Alipika, akamwekea mumewe ugali mkavu usio na bamia, akaenda kukaa nje. Halvor aliula wote bila kuuliza. Alijaribu kusema, akaambiwa asiseme. Kila asubuhi alishuka pwani kumsihi Rufus waende Anegada, na kila asubuhi Rufus alimwonyesha bahari, bado imechafuka, mawimbi ya kuvunja mlingoti, na akamuuliza kama anataka kumwachia mkewe maiti mbili za kulilia. Usiku Ianthe alilala ameupa ukuta uso. Kilichomtafuna hakikuwa ombi la mume peke yake. Ilikuwa ile Amina yake. Alikuwa amepona, mtoto tumboni anapiga teke, parachichi bado liko mtini, na kila alichobaki nacho alikiona kama kitu kilichochukuliwa nyumbani kwa baba yake.

Jumatatu ya Kushukuru ikafika.

Haikuwahi kuonekana kama ile. Watu walikuja na nguo nyeupe, na kwa ajili ya karamu ya upendo, ile tunayokula pamoja kanisani, wanawake walileta mikate ya tangawizi vikapu kwa vikapu, viazi vikuu, ndizi, samaki wa chumvi, kila mtu akitaka kuonyesha ukubwa wa asante yake. Kanisa lilinukia kama jiko. Mchungaji akapanda mimbarini, akasema maneno mawili matatu ya furaha, kisha akamtazama Ianthe, kama kawaida. Watu wote wakamtazama Ianthe.

Akasimama. Akakaa tena.

Mchungaji akakohoa. Huko nyuma mtoto akauliza kwa nini shangazi haimbi, akazibwa mdomo. Hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuanzisha, si kwa sababu hawakujua nyimbo, ila kwa sababu sasa kila mmoja aliikumbuka Amina yake mwenyewe, na kichwa kimoja baada ya kingine kikaanza kuinama. Ianthe alikaa wima, mikono juu ya tumbo, mdomo umefungwa. Naamini angekaa hivyo mpaka Krismasi.

Ni Halvor aliyeinuka. Safari hii hakupanda juu ya benchi.

"Mimi nilimpa Mungu njia," alisema. "Mnajua wote. Mke wangu hawezi kuimba na mimi siwezi kula. Hii karamu si yetu. Nataka niipeleke kwa wenyewe, na kama Rufus haendi, nitakwenda na ngalawa yangu."

Mtu akaanza kusema bahari haijatulia vizuri. Hakumaliza. Adina alikuwa ameshainuka, kikapu chake cha mikate kimepanda kichwani, anapita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na alipofika usawa wa Rufus alimuuliza anasubiri kubebwa au vipi. Basi kanisa lote likamfuata. Asubuhi ya Kushukuru, badala ya kula, tulishuka pwani tukapakia karamu yetu kwenye mashua, na juu yake misumari, mbao zilezile za madirisha, mapipa ya maji. Ianthe akaingia wa kwanza. Adina akamwambia mwanamke mwenye mimba kama hiyo hapandi mashua. Ianthe akamjibu kwamba basi ashuke Adina, kwa sababu yeye hashuki. Mavyaa akamtazama, akavua shali yake akamtupia magotini.

Waliosafiri walilala njiani katika ghuba ya kisiwa cha Virgin Gorda, wakaondoka alfajiri. Halvor alikaa mbele ya mashua amempa Ianthe mgongo, mwenye haya, na alipogeuka mara moja alimkuta anamtazama, si kwa chuki tena, kwa uchovu tu.

Anegada huwa huioni mpaka uikaribie. Siku ile waliiona, na ilikuwa ya kahawia. Hakuna jani lililobaki. Mashua zilikuwa nchi kavu na nchi kavu ilikuwa majini. Nyumba za mbao zilikuwa zimelala chini vipandevipande. Lakini kuta za mawe, zile kuta ndefu ambazo watu wa Anegada huzijenga kuzunguka mashamba na mazizi, nyingi zilikuwa zimesimama, na kutoka nyuma yake watu wakaanza kutokea, wanawake, watoto, wazee, wanatembea polepole kuja ufukweni. Ianthe aliwahesabu nyuso. Alizipitia zote akarudia. Kisha akaingia majini na nguo zake kabla mashua haijatia nanga, akaita jina la baba yake, na sidhani kama aliwahi kuita mbuzi kwa nguvu ile.

Obediah alikuwa anajenga. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya palipokuwa nyumba yake, anarudisha mawe yaliyoanguka, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Aliinua kichwa, akamwona binti yake anakuja mbio na tumbo lake, akamkemea.

"Usikimbie, we mtoto! Unataka kuzalia njiani?"

Ianthe akamwangukia. Alilia kama hajawahi kulia tangu aolewe, na mzee akawa anampapasa nywele kwa mkono wa chokaa akimwambia basi, basi, mbuzi ndio waliokwenda, mimi nipo. Watu walikuwa wamejibanza nyuma ya kuta zake, alisema, na maji yalifika kiunoni yakachoka. Walizika wawili, wazee wote wawili. Wengine wazima.

Halvor alikuwa amefika. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia.

"Baba mkwe," alisema, "kabla hujanipa mkono. Mimi ndiye niliyemwomba Mungu akipeleke kaskazini."

Mzee alimtazama sana.

"Kaskazini tu?"

"Kaskazini tu."

"Hukumtajia Anegada?"

"Hapana, baba."

Obediah akaliweka chini jiwe alilokuwa ameshika. "Basi ni mimi niliyemtajia."

Mzee akasema, bila kumtazama mtu, kwamba naye alisikia redio, ya polisi, ikisema kimbunga kinaelekea St. John. Akajua mtoto wake ana mimba kubwa, na yuko milimani, ambako mvua ikinyesha udongo unateremka na nyumba. Akaenda nje ya uzio, mahali pasipo na watu, kwa maana alijua wenzake wangempiga mawe.

"Nikamwambia, nilete mimi. Kuta zangu ni nene na sina mtu ndani. Nikamwambia kabisa, Anegada, upande wa kwangu, asije akakosea." Akajifuta pua. "Upepo ulipogeuka ukaja, nilisema asante. Nililia kwa furaha, Ianthe, wenzangu wakadhani nina hofu. Hao wawili tuliowazika nitaulizwa mimi, si mumeo."

Ianthe akamshika baba yake mabega akamtikisa. Alikuwa na hasira, na mimi nasema alikuwa na haki. "Nani alikuruhusu? Nani? Na ungekufa?"

"Wewe je, kwa ajili ya huyo aliyemo humo ndani," mzee akamwonyesha tumbo kwa kidevu, "ungeniomba ruhusa?"

Ianthe alikaa chini kwenye mchanga, kati ya baba yake na mumewe. Kitu alichokuwa akikiona kama cha wizi kumbe alipewa, na aliyetoa alikuwa hapa mbele yake hana nyumba, hana mbuzi, anajenga kwa mkono mmoja. Akanyoosha mkono bila kutazama, akamvuta Halvor kwa suruali akae naye. Halvor akakaa.

Huko ufukweni watu wa Coral Bay walikuwa wameshatandika karamu juu ya mbao, na watu wa Anegada wamesimama kuizunguka, hawagusi, wanangoja ule wimbo wa kabla ya kula. Hawakuwa na kanisa tena. Ianthe akainuliwa na wanaume wake wawili, mmoja kila upande, akatembea mpaka pale. Akasafisha koo. Akaanzisha wimbo ule ambao baba yake alikuwa akimwimbia wakati wa kumsuka.

Alishindwa kumaliza ubeti wa kwanza. Obediah akaumalizia, sauti ikienda kombo kabisa, na watu wa visiwa vyote viwili wakaitikia.